PS au kompyuta ya gemu? Piga hesabu kabla hujatoa hela

Anza na watu utakaocheza nao. Kama washikaji wa Ngarenaro, Arusha, au Pasua, Moshi, wanacheza mpira kwenye PS4, nunua PS4, au PS5 yenye sehemu ya CD. EA Sports FC ya PS4 haikutani mtandaoni na ya PS5 wala ya kompyuta. Za PS5, Xbox Series na kompyuta ndizo zinazokutana. Mwenye PS5 anaweza kuweka CD ya toleo la PS4 akawafuata wenzake. Mwenye kompyuta hana njia hiyo. Kwa upande mwingine, Dota 2 na Counter-Strike 2 hazipo kwenye PS4 wala PS5, na anayetaka mashine hiyohiyo imharirie video au imchoree ramani za AutoCAD aweke hela kwenye kompyuta, asijisumbue. Anayeisubiri GTA VI ajue kwamba Rockstar ilipoitangaza ilitaja PS5 na Xbox Series tu.

Ukishajua hilo, angalia bando. Gemu kubwa za sasa, mfano Call of Duty, huzidi GB 100. CD inakuokoa kwa sehemu: kwa gemu nyingi, ingawa si zote, mafaili mengi yanatoka humo, ila apdeti utazipakua, na ya kwanza yaweza kufika makumi ya GB. Hamu ikiisha unaiuza au mnabadilishana. Ndiyo maana PS5 Digital Edition na Xbox Series S, hata muuzaji akishusha bei vipi, hatumshauri mtu wa bando la simu azichukue. Hazina pa kuingizia CD. PS5 Slim ya dijitali hukubali kufungwa sehemu ya CD inayouzwa kando, lakini siku ya kuifunga ni lazima kuwe na intaneti.

Kompyuta nayo ina ujanja wake. Mwenzako mwenye gemu ileile ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, anakili folda yake kutoka steamapps/common kwenda kwenye hadidisiki ya nje. Wewe iweke kwenye steamapps/common yako, kisha bonyeza kitufe cha kusakinisha. Steam itakagua mafaili iliyoyakuta na kupakua yanayopungua tu. Gemu lazima iwe kwenye akaunti yako, ya kununua au ya bure. Kabla ya kunakili, hakikisha ya mwenzako ina apdeti za karibuni, la sivyo utapakua sehemu kubwa upya.

Malipo yanachanganya zaidi upande wa PS. PlayStation Store haina duka la Tanzania, kwa hiyo akaunti hufunguliwa kwa nchi nyingine, mara nyingi Marekani. Kadi ya zawadi iwe ya nchi ileile ya akaunti, na nchi ukishaichagua haibadilishwi. Kucheza mtandaoni gemu za kulipia kunadai PS Plus, usajili wa kulipia wa Sony. eFootball na Fortnite, kwa kuwa ni za bure, hazidai. Kwenye kompyuta hakuna ada hiyo.

Kuunda kompyuta kutokana na CPU ya ofisi

Kwa bajeti ya kawaida, njia inayolipa ni kuchukua CPU, yaani boksi zima la kompyuta, iliyotumika ofisini, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, na kuiongezea kadi ya grafiki. Muuzaji atakwambia "hii ni i5" kana kwamba amemaliza. Muulize namba inayofuata. i5-3470 haina AVX2, seti ya amri za prosesa, na kuna gemu hazifunguki bila hiyo. i5-4570 inayo, ila Windows 11 haiikubali rasmi, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Chukua i5-8500 au ya kizazi cha juu zaidi.

Kisha omba kifuniko kifunguliwe, usome lebo ya pawasaplai. Nyingi za aina hii ni wati 180 hadi 290, hazina waya wa pini 6 au 8 wa kulisha kadi, na plagi zake za mazabodi ni za kampuni yenyewe, kwa hiyo pawasaplai ya kawaida ya dukani haichomeki. Usilazimishe. Nunua kadi inayojilisha kupitia mazabodi pekee, isiyozidi wati 75: GTX 1050 Ti au GTX 1650 zisizo na tundu la waya wa umeme, au RTX 3050 ya GB 6. Ile ya GB 8 inataka waya. Pima na kimo pia, maana CPU nyembamba hupokea kadi ya nusu kimo tu, yenye kibati kifupi. Zile ndogo kabisa za kubeba mkononi hazina pa kuweka kadi hizi.

RAM iwe GB 16 kwa vipande viwili vya 8, kwa sababu kipande kimoja hupunguza kasi ya prosesa kuwasiliana na kumbukumbu. SSD ianzie GB 512. Waya wa monita chomeka kwenye kadi. Wengi wanaolalamika kwamba kadi mpya haina nguvu wameuacha kwenye tundu la mazabodi.

Kukagua PS4 iliyotumika

Usiridhike kuona imewaka. Ingiza CD, cheza gemu nzito nusu saa. Feni ikianza kuunguruma mapema, ni vumbi au pesti ya kupoza prosesa imekauka. Fundi mwenye bisibisi ya T8 au T9 anaisafisha na kupaka pesti mpya, na wewe una sababu ya kuteremsha bei. Ikizima yenyewe, iache. Gusa kidogo waya wa HDMI pale nyuma: picha ikikatika, tundu limelegea, na kulichomelea upya si kazi ya kila fundi. Kwa padi, ingia kwenye gemu usiguse stiki. Kamera ikizunguka yenyewe, stiki zimechoka.

Halafu fungua mipangilio, tazama toleo la programu ya mfumo. Likiwa la zamani, mfano 9.00, na mashine imejaa gemu bila CD hata moja, hiyo imechipiwa, yaani ulinzi wake umevunjwa ili icheze gemu zisizonunuliwa. Ukiiapdeti, gemu zile hazifunguki tena. Ukiiingiza mtandaoni, Sony wanaweza kuifungia. Kwa anayetaka kucheza mtandaoni ni hasara tupu. Washa hotspot ya simu palepale dukani, uingie kwa akaunti yako uone kama inakubali.

Vumbi la kiangazi la Kwa Mrombo haliogopi chapa, na joto la Moshi huzidi la Arusha, hivyo usiibane mashine ndani ya kabati la TV. PS5 vua makava ya pembeni unyonye matundu ya vumbi, uishie hapo: kipoza prosesa chake kina metali ya kimiminika, na ikimwagika kwenye bodi inaunguza.

Umeme

Ukicheza saa 4 kila siku, PS4 Slim inayokula kama wati 90 itamaliza uniti 11 kwa mwezi. PS5 ya wati 200 ni uniti 24, na kompyuta yenye kadi kubwa, ya wati 300, ni 36. Kwa daraja la T1 la TANESCO, kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hizo ni takriban 3,900, 8,500 na 12,800. Aliye D1 ajihadhari zaidi, kwa kuwa daraja hilo ni la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi.

Kinachoua mashine ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Weka gadi inayochelewesha umeme ukirudi. UPS ya VA 650 inatosha PS4 au CPU ya ofisi kusevu na kuzima. Kompyuta yenye pawasaplai kubwa ya kisasa huweza kuzimika pale UPS ya bei rahisi inapopokea mzigo. Tafuta UPS iliyoandikwa "pure sine wave".

PS4 ikizimika ghafla kisha ikawa nzito, izime kabisa, shikilia kitufe cha kuwasha kama sekunde 7 mpaka mlio wa pili, unganisha padi kwa waya wa USB, na kwenye orodha ya Safe Mode itakayotokea uchague namba 5, kujenga upya databesi. Gemu na sevu zinabaki. Namba 6 na 7 hufuta kila kitu.