Kuvuka nyika ya Tana wakati wa vuli: maji, matope na mathenge

Mtu wa Mombasa akitajiwa mvua hukumbuka Mei. Ana haki, kwa maana hapa kisiwani mvua kubwa huja na upepo wa kusi, kuanzia Aprili hadi Juni. Lakini ukishapita Garsen kuelekea Hola na Bura, au ukapanda Mariakani, Taru na Mackinnon Road hadi Voi, kalenda hiyo haikufai tena. Nyika hutegemea zaidi mvua ya vuli, Novemba na Desemba, wakati kusi imelegea na kaskazi inaanza kushika. Na huo ndio wakati maembe yanaiva kandokando ya Mto Tana, kwa hivyo sisi tunaoleta matunda soko la Kongowea hatuna budi kuwa njiani. Vijana wengi wananunua pikapu na kuingia kazi hii. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kabla ya kutia gari moto Mombasa, ujue kuna maji ya aina mbili mbele yako, na kila moja lina habari zake. Mto Tana wenyewe huletwa na mvua ya Mlima Kenya na Aberdare. Mabwawa ya juu yakijaa, hasa Masinga, maji yakaanza kumwagika, hupita siku kadhaa kabla ya mafuriko kufika Garissa, kisha Hola, kisha Garsen. Tangazo la Masinga kufurika likisomwa redioni, lichukulie kuwa ni la kwako. Laga, yaani mkondo wa mchanga ulio mkavu mpaka mvua ya bara iujaze, ni jambo jingine. Laga haingoji siku. Dhoruba moja ikipiga bara jioni, mchanga uliokuwa mkavu unaweza kugeuka mto kabla hujamaliza chakula cha usiku, na pale ulipo hakujadondoka hata tone.

Kwa hivyo sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, kisha umpigie simu mtu aliye huko: fundi wa pancha, mama wa chai, yeyote unayemjua kwenye senta za njiani. Usimuulize kama kunanyesha. Muulize jana usiku radi zilimulika upande gani. Akikwambia zilimulika magharibi, huko laga zinakotoka, chelewesha safari yako au ujiandae kulala njiani.

Kwenye gari, mambo ni machache. Magurudumu mawili ya akiba. Moja halitoshi, sababu utaiona huko chini. Jeki na ubao mpana wa kuiwekea, kwa sababu jeki kwenye mchanga huzama. Sepetu, panga, kamba nene ya kuvutia, pampu ndogo ya kujazia upepo. Maji ya kunywa ni lita tano kwa kila mtu kwa siku, na za akiba juu yake. Yagawe kwenye jerikeni ndogo. Ukitegemea mtungi mmoja mkubwa na ukapasuka, umekwisha. Nenda na chakula kisichohitaji moto pia: tende, mkate, mihogo mikavu.

Ukifika mchangani, punguza upepo wa magurudumu. Ukitoka na presha 35 (psi), shuka hadi 18 au 20, na uende mwendo wa polepole usiokatika. Ukitoka, jaza tena kabla ya lami. Udongo mwekundu wa upande wa Taru na Voi ukilowa hukauka haraka, unaweza kungoja saa chache ukaendelea. Ule mweusi unaonata, ulio mwingi ukikaribia mto na kwenye mabonde ya Bura, ukilowa hauna ujanja. Simama kabla hujaingia. Nimeona malori yamekaa humo mpaka maembe yakaoza juu ya gari.

Sasa laga zenyewe. Hapa nataka usome polepole.

Kwanza, shuka garini, ukiwa bado juu ukingoni. Tazama miti iliyo pembeni. Utaona vijiti, majani makavu na vipande vya nailoni vimenasa kwenye matawi. Huo ndio urefu wa mafuriko yaliyopita, na mara nyingi utakuta viko juu ya kichwa chako. Tazama mchanga: ukiwa umekauka juu lakini ukikanyaga unalegea na kutoa unyevu, maji yamepita karibuni. Halafu tazama juu, kule mkondo unakotoka. Wingu jeusi huko mbali lina uzito kuliko jua linalokuchoma mgongoni.

Siku moja kati ya Hola na Bura tulikuta laga kavu kabisa, mbingu nyeupe, jua kali. Mzee mmoja wa Kiorma alikuwa ameketi kivulini na mbuzi wake, upande wetu huu. Tukamwamkia, akaitikia, akasema neno moja: "Ngojeni." Dereva mwenzangu akataka kujua tungoje nini. Mzee akaonyesha kwa fimbo mbuzi wake, ambao wote walikuwa wamekwishapandishwa ukingoni. Haukupita muda mrefu tukasikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima. Maji yalikuja kwanza kwa unene wa kiganja, ya rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma povu mbele. Juu ya povu kulikuwa na vijiti, samadi ya mbuzi, na maganda ya njano yaliyopinda, mengi mno, yakizunguka na kusukumana. Yalikuwa maganda ya mathenge, ule mti wa miiba wa kigeni (Prosopis) uliojaa nyika hii. Nyuma ya povu hilo ndipo mto wenyewe ukaja, wa kufika kifuani, na magogo ndani yake.

Ukikuta maji yanatembea, ngoja. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kuinua gari dogo, na 60 huchukua hata magari makubwa. Aprili 2024 basi la abiria lilisombwa kwenye barabara ya Garissa kwenda Nairobi, katika kaunti ya Tana River; abiria waliokolewa, lakini si kila siku waokoaji wako karibu. Laga nyingi hupungua baada ya saa chache. Chomeka kijiti pale maji yanapoishia, ukaangalie kinavyobaki nyuma. Maji yakishatulia na kuwa chini ya goti, mtu mmoja atangulie kwa miguu na fimbo, akipima chini, maana mafuriko huchimba mashimo mahali palipokuwa tambarare. Hilo ni kwa laga tu. Kwenye Mto Tana wenyewe, au Mto Galana, usitie mguu majini. Mna mamba na viboko.

Na usilale kwenye laga. Najua mchanga ni laini na kivuli kizuri. Lala juu, mbali na ukingo, gari likielekezwa upande wa kutokea.

Nimetaja maganda ya mathenge kwa makusudi. Mwenye kupita nyika hii hana budi kuujua mti huu, kwanza kwa ajili ya magurudumu yake. Miiba yake hutoboa gurudumu nene. Ukiuona mwiba umezama na upepo hautoki, usiuchomoe. Uache uzibe hapo hapo mpaka ufike kwa fundi. Ukikuchoma mwilini, hakikisha ncha haikubaki ndani, osha kwa maji safi na sabuni, na ukianza kuvimba nenda zahanati. Mahali mti huo ulipoziba pande zote za njia, punguza mwendo, kwa sababu ngamia au mtoto hutokea ghafla.

Watu wa Hola na Bura wanaulaumu kwa mengi: umeziba mifereji ya mashamba, umekula malisho, umefunga njia za mifugo kwenda mtoni. Wengi wetu pwani hatujui kwamba mbegu za kwanza zilizoandikwa kumbukumbu nchini Kenya zilipandwa hapa kwetu, Bamburi, mwaka 1973, zikitoka Brazil na Hawaii, ili kufufua machimbo ya kiwanda cha saruji. Miaka ya 1980 ukapelekwa kwenye miradi ya kuzuia jangwa, ikiwemo Bura na Baringo. Baringo wakafika kuishtaki serikali, wakaingia mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno, kwa kuwa utamu wa maganda huozesha meno ya mifugo. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa magugu mabaya.

Ukikaa kunywa chai Bura utasikia mabishano. Mkulima wa Kipokomo atakwambia ung'olewe wote. Mchoma makaa aliye meza ya pili atasema watoto wake wanasoma kwa mti huo huo. Mwingine atakumbusha kwamba mti mgeni si lazima uwe adui. Na kweli, embe ninalobeba asili yake ni India. Mwarobaini ulio kila ua wa Mombasa ni wa India pia. Mvinje, uliotangulia kupandwa kwenye machimbo yale yale ya Bamburi mwaka 1971, si wa kwetu, na leo pale ni msitu wa watu kutembelea. Hata Arizona, jangwa la Marekani ambalo nalo hupata dhoruba za ghafla kila Julai na Agosti, jamaa za mathenge ni miti ya asili na watu wanaitetea. Kinachowasumbua wao ni nyasi ya Cenchrus ciliaris, nyasi ya huku kwetu ambayo mfugaji yeyote wa Tana angefurahi kuiona ikiota. Kule huleta moto unaoua madungusi yao makubwa.

Kwa hiyo sijali mti umetoka wapi. Najali unakwenda wapi na nani anaupeleka. Embe hubaki pale ulipolipanda. Mathenge hushuka na mafuriko, hutoka hai ndani ya samadi ya mbuzi, punda na ndovu, na huganda kwenye matope ya gari langu na lako. Mwarobaini nao, kwa heshima zote za dawa yake, hubebwa na ndege mpaka ndani ya misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, na hilo ni la kuangaliwa. Msimamo wangu juu ya mathenge ni huu: ulikokwisha kuwa msitu, watu wachome makaa, wakate nguzo, wasage maganda kuwa lishe, kwa sababu kusaga huua mbegu. Kando ya mto na mashambani ung'olewe, na si kwa kukata juu, maana huchipua upya kwa hasira. Ichimbwe shina chini ya ardhi mpaka fundo la mizizi litoke. Na kule mti huo usikofika bado, asiupeleke mtu.

Hapo ndipo msafiri ana kazi yake. Usibebe maganda mazima kumpelekea mbuzi wa nyumbani Kisauni au Kilifi, hata ukipewa bure. Makaa chukua, mbao chukua. Kreti za maembe zisipangwe chini ya mathenge wakati wa kupakia. Tandika turubai kwanza, na ukimaliza likung'ute hapo hapo.

Ukirudi, simama kabla ya kuingia lami ya Malindi. Sisi huwa tunasimama Minjila. Chukua kijiti ukwangue matope kwenye mabawa ya gari, kwenye nyufa za magurudumu na chini ya zulia la miguuni. Fagia sehemu ya mizigo mpaka pembeni. Ukiona maganda au mbegu ndogo za kahawia zinazong'aa, zikusanye kwenye kopo uzichome. Usizimwage mtaroni, kwa sababu mtaro nao hutiririka. Ukifika Kongowea, wape wapakuzi kreti zikiwa zimekung'utwa, na uwaambie ni kwa nini. Wengine wao wana mashamba Kaloleni na Bamba, na watakuuliza mbegu yenyewe inafananaje. Weka mbili kwenye chupa iliyofungwa vizuri, uwaonyeshe.