Dallas walipiga kura ya bangi, lakini wewe mwenye grinikadi usiiguse

Jamani nyie wa Texas, hasa wenye vijana Dallas, Denton na Austin, naandika hii manake juzi kwenye sherehe ya kipaimara nilitoka nje nikamkuta kijana wetu mmoja paking, kaegemea gari, kashika ile kalamu ya kuvuta mafuta ya bangi, anawaelewesha wenzake kwamba hapa ni ruhusa, tulishapiga kura. Na wakubwa wawili wanaitikia! Nikamuuliza wewe una karatasi gani? Akanijibu grinikadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, mwaka wa nne, mwakani naomba uraia. Moyo ukanilipuka paa.

Kura zipo kweli, hakudanganya. Texas mwananchi hana njia ya kupeleka swali la sheria kwenye kura ya jimbo zima, lazima Bunge la jimbo liamue, na hilo Bunge halijakubali, ndo maana wanaharakati wakapitia miji, manake miji mingi mikubwa inaruhusu wapiga kura wakusanye saini wakalazimisha swali liende kwenye debe. Austin wakaanza Mei 2022, Novemba hiyo hiyo wakafuata Denton, San Marcos, Killeen, Elgin na Harker Heights, alafu Novemba 2024 Dallas, kama theluthi mbili wakasema ndiyo. Lubbock walikataa 2024. Maneno yake karibu yanafanana, kwamba polisi wa jiji wasimkamate mtu kwa bangi kidogo, Dallas waliweka isizidi wakia 4, kama gramu 113.

Sasa angalia kilichofuata. Harker Heights baraza la mji lilikaa wiki mbili tu baada ya kura likaifuta, wananchi wakarudi barabarani na makaratasi ya saini, wakairudisha kwa kura Mei 2023. Denton zaidi ya asilimia 70 walikubali, meneja wa jiji akasema hana mamlaka ya kuwazuia polisi kutekeleza sheria ya jimbo. Januari 2024 mwanasheria mkuu wa jimbo, Ken Paxton, akaishtaki miji mitano kwa mpigo, hoja yake ni kwamba kuna sheria ya Texas inayokataza mji kuweka sera ya kutotekeleza kikamilifu sheria za dawa za kulevya. Majaji wa Austin na San Marcos wakazitupa kesi, akakata rufaa, na Aprili 2025 mahakama ya rufaa ya 15 ikampa ushindi dhidi ya miji hiyo miwili. Dallas nao walishtakiwa mwezi ule ule waliopiga kura.

Mimi hii inaniuma, nasema wazi. Mtu kasimama foleni, kapiga kura, kashinda, alafu anaambiwa kura yako ilikua ya bure. Lakini kuumia ni jambo moja na kutembea na msokoto mfukoni ni jambo lingine. Ni kama madiwani wa Arusha wapitishe sheria ndogo ya kupinga sheria ya Bunge la Dodoma, itasimama wapi?

Tena hata pale mji unapoifuata, inamfunga polisi wa jiji tu. Askari wa barabarani wa jimbo haimhusu, sherifu wa kaunti haimhusu, polisi wa chuo pale Denton haimhusu, na ukitoka Dallas dakika kumi umeshaingia Irving au Garland bila kujua. Sheria ya jimbo bado ni hadi siku 180 jela na faini hadi dola 2,000 kwa bangi isiyozidi wakia 2. Na ile kalamu ndo mbaya kuliko zote, mafuta ya bangi ni kosa kubwa hata yasipofika gramu moja, unaweza kula miaka miwili, na kura za miji hazikuyagusa kabisa.

Haya, uhamiaji. Huko wanaangalia sheria ya Marekani nzima, kura ya mji hawana habari nayo. Mwenye grinikadi akipatikana na hatia mara moja tu, bangi ya kuvuta mwenyewe isiyozidi gramu 30, kuna kifungu kinamkinga asifukuzwe. Wengi wanaishia hapo wanapumua. Lakini ukisafiri nyumbani ukarudi, pale erpoti wanaweza kukuhesabu kama mtu anayeomba kuingia upya, na huko hiyo kinga ya gramu 30 haipo, unabaki kuomba msamaha maalum. Na si lazima uwe na hatia, kukiri tu kwa ofisa kwamba ulitumia kunaweza kutosha. Uraia vilevile, tangu 2019 mwongozo wao unasema kutumia bangi au kufanya kazi duka la bangi, hata kwenye jimbo linaloruhusu, kunaweza kukuangusha kwenye kipengele cha tabia njema.

Ndugu zetu wa malori, kipimo cha mkojo hakijui Dallas wala Denton, na ukifeli jina linaingia kwenye mfumo wa taifa ambao kila kampuni inaangalia kabla ya kukuajiri.

Na nyie mnaofuatwa nje ya supamaketi na karatasi za saini, kama hujawa raia usisaini, na usikubali kuandikishwa mpiga kura ukiwa unachukua leseni ya gari, hilo peke yake linatosha kukurudisha Nairobi.

Ukisimamishwa, toa leseni, kaa kimya kwa upole, usieleze ulivuta lini. Ukipewa samansi ukaachiwa, hiyo bado ni kesi. Usikubali kosa mpaka loya wa uhamiaji aisome, tangu 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema loya wako wa jinai lazima akueleze madhara ya uhamiaji, kwahiyo muulize.

Yule kijana tulivyokaa kwenye gari akaniambia taratibu, anti, mi nilishawahi kushikwa, nikakubali kosa nikapewa probesheni, yaani kuwa chini ya uangalizi bila kufungwa, nikamaliza, kesi ikafutwa. Kwa uhamiaji hiyo haijafutwa, ulikubali kosa, inahesabika hatia. Na mama yake anaumwa Moshi, tiketi ya Desemba ameshanunua. Jumatatu tumeenda mahakamani kuchukua nakala ya kesi yenye muhuri, Alhamisi ana miadi na loya, na tiketi tumepiga simu kuisogeza mbele.