Kutuma CV kwa barua pepe na WhatsApp

Weka kiambatisho kwanza, kisha andika ujumbe. Anwani ya mpokeaji iwe ya mwisho. Ukianza na anwani, kidole kikiteleza tu barua imeshaondoka, na mwajiri anapokea "Ndugu Meneja, naomb" basi.

CV iwe PDF. Ya Word huweza kuvurugika mpangilio ikifunguliwa kwenye simu nyingine. Faili ipewe jina lako na kazi unayoomba, si "CV mpya kabisa 3". Gmail hutuma viambatisho visivyozidi MB 25 kwa jumla. Ukizidisha, faili hupandishwa Google Drive na mpokeaji hupata kiungo. Hakikisha umemruhusu kuifungua, la sivyo atagonga mwamba.

Kwenye kompyuta, ingia mipangilio ya Gmail uongeze muda wa kutengua barua uliyotuma kutoka sekunde 5 hadi 30. Zinatosha kukumbuka kwamba kiambatisho kimesahaulika.

Wakitaka vyeti kwa WhatsApp, gusa alama ya kibanio (kwenye iPhone ni ya kujumlisha) uchague hati, usichague picha. Picha hubanwa, na maandishi madogo ya kwenye mhuri hayasomeki tena.