Kuvaa Nguo Pana Bila Kupwaya

Anayechagua shati kwenye mafungu ya mitumba, iwe Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, kwa kawaida hutazama kwanza alama ya saizi iliyoshonwa shingoni, ilhali alama hiyo humweleza machache sana. L ya kiwanda kimoja huweza kuwa M ya kingine, namba 8 ya nguo za kike za Marekani hulingana takribani na namba 12 ya Uingereza, na shati la pamba lililokwisha kufuliwa mara nyingi huenda limerudi likawa dogo kuliko lilivyoshonwa.

Ni heri kupima. Litandaze mezani shati lako linalokukaa vizuri, ulipime kwa tepu kutoka kwapa hadi kwapa, kisha uende sokoni na kipimo hicho. Ikiwa lina inchi 20, basi lenye inchi 23 au 24 litakuwa pana la kupendeza. Ila kumbuka kwamba umepima upande mmoja tu, kwa hiyo inchi 4 za ziada pale mezani ni inchi 8 kuzunguka kifua.

Hata hivyo, nguo iliyokatwa makusudi iwe pana haifanani na nguo iliyomzidi mvaaji. Fundi anayekusudia shati pana huteremsha mshono wa bega na kupanua kiwiliwili, lakini kola huiacha ya kadiri, na mkono huufupisha kwa kuwa bega lililoteremka limekwisha kuchukua sehemu ya urefu wake. Shati lililokuzidi, kwa upande mwingine, huwa kubwa kila mahali: kola huachia, mikono hufunika vidole na upindo hukaribia magoti, nawe ukaonekana umeazima. Ndiyo maana mimi huanza na kola. Ikipwaya, shati hulirudisha funguni hata kama kitambaa chake kimenivutia.

Kufupisha mikono au upindo ni kazi ndogo kwa fundi cherehani. Kupandisha bega ni jambo jingine kabisa, kwa maana lazima mkono ufumuliwe na tundu lake likatwe upya, na gharama huweza kuzidi bei ya shati lenyewe.

Kitambaa nacho kina neno. Wanawake wa pwani wanalijua hili kupitia dera, vazi pana kupita mengi, ambalo hupendeza kwa sababu kitambaa chake laini huteremka kutoka mabegani na kuufuata mwendo wa mvaaji. Kitambaa kigumu hakiteremki hivyo, bali husimama mbali na mwili na kumwongezea mtu unene, kwa hiyo kitafutie upana wa wastani.

Shati pana livalie suruali iliyonyooka. Ukitaka vyote viwe vipana, chomekea shati upande wa mbele ili kiuno kionekane, na ukunje mikono hadi chini kidogo ya kiwiko. Mtu mfupi asiruhusu upindo upite nyonga, la sivyo miguu yake itaonekana mifupi zaidi.

Kabla ya kulipa, inua mikono, keti, simama, kisha tembea hatua chache: ikiwa mabega yamerudi mahali pake bila wewe kuyavuta, nguo hiyo imekukaa.