Kabla hujapakia pikipiki: viwanja vya motokrosi Uingereza na udongo wake

Majira ya baridi yakielekea ukingoni, vijana wetu walioko huku huanza kuniuliza swali moja: kaka, uwanja gani wa motokrosi ni mzuri kuliko yote Uingereza? Nami nauliza kwanza, mvua imenyesha wapi wiki hii? Wengine hudhani nawazungusha. Siwazungushi. Motokrosi ni mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo, na katika nchi hii uwanja ule ule uliokufurahisha Julai unaweza kukuvunja moyo Novemba, na tofauti yote iko chini ya tairi.

Aliyejifunzia Jamhuri Park, Nairobi, au Busiika kule Uganda, anaujua udongo mwekundu: mvua ya nusu saa unakuwa utelezi, jua likitoka unakauka mchana huo huo. Huku hakuna jua la kukausha kitu. Udongo wa mfinyanzi ukishalowa Novemba unaweza kubaki tope mpaka Machi. Mimi somo hilo nililipata siku yangu ya kwanza, kwenye uwanja wa mfinyanzi, baada ya wiki nzima ya manyunyu ambayo niliyadharau kwa sababu si mvua ya kupiga bati. Pikipiki ya kilo mia na kidogo ilibeba tope hadi nikashindwa kuisimamisha ilipoanguka. Tope likaziba rejeta, maji yakachemka, na kabla ya saa tano asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nikiwatazama watoto wa miaka tisa wakizunguka bila shida.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua unakwenda kwenye udongo gani. Mchanga ndio mkombozi wa majira ya baridi kwa sababu maji hupita, hayatuami. Fatcat, karibu na Doncaster, ni jina la kwanza utakalosikia mtu akitaka mchanga. Hawkstone Park, kule Shropshire, ni mchanga pia, ila wenyewe una kilima, na kilima hicho kina historia: ndipo Uingereza ilipofanyia mbio zake za ubingwa wa dunia miaka ya 1950 na 1960, enzi za Jeff Smith, aliyeutwaa ubingwa wa dunia wa cc 500 mwaka 1964 na 1965 akiwa juu ya pikipiki ya BSA. Ukikiona kwa chini unaweza kudhani picha zimekitia chumvi. Hazijakitia.

Lakini mchanga nao una bei yake. Hauendeshwi kwa kuogopa. Ukiachia resi katikati ya kona, gurudumu la mbele linazama na wewe unaruka kwa mbele. Uzito unarudi nyuma, resi inabaki wazi, macho yanakuwa mbali. Mizunguko inavyozidi, njia inajaa mawimbi ya mchanga yanayofuatana kama bahari yenye upepo, na mikono itawaka moto kabla hujamaliza dakika kumi. Mafuta yanakwisha haraka, cheni inalika, pedi za breki zinalika. Anayekwenda mchangani abebe mafuta zaidi ya aliyoyazoea, pamoja na kichujio cha hewa cha akiba kilichokwisha kupakwa oili, maana eakilina moja haitoshi siku nzima.

Chaki ni habari nyingine. Kusini mwa nchi kuna vilima vya mawe meupe laini, na uwanja unaojulikana kuliko wote huko ni Matterley Basin, karibu na Winchester. Ni bonde la asili lenye umbo la bakuli; ukisimama ukingoni unaona karibu njia nzima. Mashindano ya Mataifa (Motocross of Nations), ambako timu za nchi hupambana, yamefanyika hapo mwaka 2006, 2017 na 2024. Yale ya 2017, waliyoshinda Wafaransa, yalinyeshewa vibaya, na dunia nzima ikaona chaki iliyolowa inavyomtenda hata bingwa. Ikiwa kavu inashika tairi vizuri. Ikilowa ni sabuni. Usipange safari ukidhani utaingia Matterley siku yoyote upendayo kwa mazoezi. Hapo hufunguliwa kwa matukio maalumu, na kwa wengi wetu ni mahali pa kwenda na viti vya kukunja na chupa ya chai kutazama.

Vipo na vingine ambavyo mtu asikose kuvifahamu. Canada Heights, pale Swanley mkoani Kent, ni uwanja wa kupanda na kushuka, na kwa anayeishi London ni karibu kwa sababu barabara ya M25 inapita jirani. Farleigh Castle, upande wa Wiltshire, ni vilima vya kizamani ambako kwa miaka mingi waendeshaji wakongwe walikutana wakiwa na pikipiki zao za miaka ya nyuma. Mimi napapenda kuliko nyingi za kisasa zenye miruko ya kujengwa kwa buldoza, ingawa najua vijana hawatakubaliana nami. Lyng kule Norfolk, Culham mkoani Oxfordshire, Duns huko Uskoti na Landrake kule Cornwall ni majina unayoyakuta kwenye mbio za ubingwa wa taifa. Umbali kati ya Duns na Landrake ni mkubwa, kwa hiyo anayekwambia amevizunguka vyote kwa mwezi mmoja, mwulize amelala wapi.

Jambo la pili, ambalo wageni wengi hawalijui, ni kalenda. Kule England sheria ya matumizi ya ardhi inamruhusu mwenye shamba kufanya mbio za pikipiki, pamoja na mazoezi yake, siku 14 tu kwa mwaka bila kuomba kibali maalumu cha halmashauri. Siku 14, basi. Viwanja vyenye kibali cha kudumu vipo, lakini vingi vya vile unavyovisikia ni mashamba ya ng'ombe au ya ngano yanayogeuka viwanja kwa siku hizo chache. Ndiyo maana uwanja unaweza kuwa na sifa kubwa na bado ukaukuta umefungwa, na kondoo wanalisha juu ya mruko ulioutazama kwenye video usiku uliopita. Tafuta tarehe kwanza, halafu ndipo upange gari. Siku zenyewe nyingi hulipiwa mapema na nafasi huisha.

Na usidanganyike kwamba uwanja ukifungwa utajifanyia mazoezi msituni. Kuendesha pikipiki kwenye ardhi ya mtu bila idhini ni kosa kisheria, na sheria ya mwaka 2002 inawapa polisi mamlaka ya kuikamata pikipiki inayotumiwa ovyo na kusumbua watu. Pikipiki ya motokrosi haina taa wala namba, kwa hiyo hata barabara ya kijiji ya mita hamsini huruhusiwi kuipita juu yake. Huku si kama nyumbani, ambako fundi akimaliza kazi anaijaribu pikipiki hadi dukani na kurudi.

Hapo ndipo linapokuja suala la usafiri. Tangu Desemba 2021, mwenye leseni ya kawaida ya gari ya Uingereza anaweza kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Kumbuka tu kwamba ukiwa na tela, mwendo wa juu kwenye barabara kuu ya magari (motorway) ni maili 60 kwa saa, si 70, na njia ya kulia kabisa ya barabara kuu yenye njia tatu si yako. Anayekodi gari la mizigo apime urefu wa ndani kabla ya kulipa, kisha afunge pikipiki kwa mikanda miwili ya mbele, kila upande mmoja, na kuweka kipande cha mbao kati ya tairi la mbele na madgadi ili shokamzoba zisibanwe njia nzima. Mafuta yasafiri kwenye galoni lenye mfuniko mzuri. Harufu ya petroli kwa saa tatu ndani ya gari lililofungwa vioo kwa sababu ya baridi, sikuombei.

Kuhusu petroli yenyewe: tangu 2021 ile ya kawaida kwenye vituo vya huku ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia kumi. Chukua E5, ile ya bei ya juu kidogo. Ethanoli hunyonya unyevu na haifurahii kukaa wiki nyingi ndani ya karabureta. Na kama una injini ya mipigo miwili, tustroki kama mafundi wetu wanavyoiita, sikiliza jambo hili kwa makini. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, hewa ni nyepesi, kwa hiyo fundi hupunguza jeti, kile kitundu cha karabureta kinachopitisha mafuta. Viwanja vingi vya Uingereza viko chini ya mita 300, tena hewa ni ya baridi na nzito. Jeti ile ile huku inaipa injini hewa nyingi na mafuta machache. Mwanzoni utafurahi, pikipiki inalia kwa ukali. Mzunguko wa nne, pistoni inashika silinda. Ongeza jeti, halafu itazame plagi: rangi ya kahawia ni salama, nyeupe ni hatari.

Wengi wetu hununua za mkononi. Pikipiki hizi hazina kadi ya usajili kama za barabarani, na wizi wake ni mwingi. Tazama namba ya chesisi kama imekwaruzwa, dai risiti ya awali, na mwuzaji akitaka mkutane kwenye maegesho ya duka kubwa badala ya nyumbani kwake, nenda zako.

Uwanjani watapima kelele, na hapo majirani ndio wenye kauli ya mwisho. Uwanja unaweza kufungwa kabisa kwa malalamiko ya kelele. Ekzosi ambayo pamba yake ya ndani imeungua itakurudisha nyumbani kabla hujawasha mara ya pili. Kwa mbio zenyewe utahitaji leseni ya chama cha mbio za pikipiki, kama vile ACU au AMCA, na helmeti itakaguliwa. Kwa siku ya mazoezi mara nyingi unajaza fomu na kulipa, na aliye chini ya miaka 18 awe na mzazi au mlezi wa kumwekea saini. Viwanja kadhaa vimekataza zile karatasi za plastiki za kubandua kwenye miwani, kwa sababu zinabaki shambani na mifugo huzila. Nunua miwani yenye utepe wa kuzunguka.

Bima ndiyo watu wanayoipuuza hadi siku ya machela. Anayekuja kwa matembezi asome mkataba wa bima yake ya safari mstari kwa mstari, maana nyingi huitoa motokrosi waziwazi. Kule England huduma ya dharura mapokezini hospitalini haina malipo hata kwa mgeni, lakini ukishalazwa hesabu inaanza, na mgeni asiye mkazi anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama. Mfupa wa paja ni ghali.

Beba gambuti za kutembelea, jozi tatu za glavu, nguo kavu kamili pamoja na soksi, na kitu cha moto cha kunywa. Desemba jua huzama karibu na saa kumi jioni, kwa hiyo siku ni fupi na baridi huingia mifupani mchana kweupe. Ukifika, utaulizwa kiwango chako: wanaoanza, wa kati, wazoefu. Sema kweli. Hakuna anayekucheka kwenye kundi la wanaoanza, bali kwenye kundi la wazoefu utakuwa hatari kwako na kwa wenzako. Tembea njia kwa miguu ukiruhusiwa. Mizunguko mitatu ya kwanza usiruke mruko wowote ambao hujauona upande wake wa pili. Bendera ya njano ikipeperushwa, punguza mwendo, usiruke, usimpite mtu, kwa sababu nyuma ya mruko kuna mwenzio amelala. Nyekundu, kila mtu anasimama kwa utaratibu. Ya bluu, kuna mwenye kasi nyuma yako. Shika mstari wako na umwache apite, usihamehame.

Kwa hiyo akinipigia kijana wa Leicester mwezi wa Februari, mvua imenyesha siku tatu mfululizo, namwambia aende mchangani. Akinipigia Julai, nyasi zimekauka, namwambia akatafute vilima, na Farleigh ikiwa na siku yake basi tukutane huko. Na vyovyote itakavyokuwa, apige simu uwanjani saa moja asubuhi, kabla hajafunga tela. Mara mbili nimeendesha kwa muda wa saa mbili na nusu na kukuta geti limefungwa kwa mnyororo, na kibao kimeandikwa kwa mkono kwamba shamba limelowa.