Namna ya Kusoma Kozi ya Kwanza ya Mekanika Inayotumia Kalkulasi

Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) huingia darasa la mekanika la mwaka wa kwanza, yaani fizikia ya mwendo na kani (nguvu zinazosukuma au kuvuta), akiamini kwamba nusu ya kozi anaijua tayari. Ameshakutana na v = u + at, ameshakokotoa mwendo wa jiwe lililorushwa, na sheria tatu za Newton anaweza kuzitaja hata akiamshwa usiku wa manane. Imani hiyo huwaangusha wengi katika jaribio la kwanza, nami iliniangusha, kwa sababu kozi hii haimtaki mwanafunzi achague fomula inayofanana na swali. Inamtaka aseme ni kani zipi zinazotenda juu ya kitu, kisha kutokana na kani hizo aonyeshe mwendo wa kitu hicho utakuwaje. Maelekezo yafuatayo yamekusudiwa kumsaidia mwanafunzi aibadilishe tabia hiyo mapema, kabla alama za kozi hazijaharibika.

Anza na kalkulasi yenyewe, ikiwezekana wiki mbili au tatu kabla ya muhula kufunguliwa. Huhitaji kujua mbinu zote za kutafuta integrali. Unahitaji kujua vizuri, bila kufungua daftari, derivativu na integrali za vipeo vya x, za sini na kosini, za e kwa kipeo cha x, na integrali ya 1/x, pamoja na kanuni ya mnyororo, ile ya kutafuta derivativu ya fomula iliyo ndani ya fomula nyingine. Aliyetoka Kenya na KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) aliigusa kalkulasi mwishoni mwa kidato cha nne, kwa kiasi kikubwa katika polinomia tu, na aliyesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) akiwa na BAM, somo la hisabati ya msingi, hakufika mbali kama mwenzake wa PCM. Hao wawili waongeze siku za maandalizi. Vyuo vingi vya Marekani humruhusu mwanafunzi asome kalkulasi sambamba na mekanika, na anayeanza kwa njia hiyo ajue kwamba mara nyingi fizikia itadai integrali kabla mwalimu wa hisabati hajaifikia.

Muhimu zaidi ni maana. Derivativu ni kiwango cha kubadilika: kasi ni derivativu ya mahali kitu kilipo, na mchapuko ni derivativu ya kasi. Integrali ni jumla ya vipande vidogo vidogo. Chora kwa mkono grafu ya mahali dhidi ya muda kwa daladala inayoondoka kituoni, ikaenda, ikasimama kituo kinachofuata. Chini yake chora grafu ya kasi, na chini ya hiyo grafu ya mchapuko. Ukiweza kuzichora tatu hizo bila kuandika namba hata moja, umeshaelewa kiini cha sura ya kwanza.

Sasa tuone kalkulasi inafanya kazi gani ambayo milinganyo ya sekondari haiwezi. Chukua boti yenye tungamo la kilo 600 inayokaribia gati kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde. Nahodha anazima injini. Tuseme maji yanaizuia boti kwa kani inayolingana na kasi yake, bv, ambapo b ni kilo 60 kwa sekunde. Je, boti itasafiri umbali gani kabla ya kusimama? Mwanafunzi wa fomula atakokotoa kani ya mwanzo, 60 × 6 = niutoni 360, aigawanye kwa 600 apate mchapuko wa kupunguza kasi wa 0.6, kisha aingize namba hiyo katika v² = u² + 2as na kupata mita 30. Hesabu zake hazina kosa hata moja, lakini jibu si sahihi. Mlinganyo ule ni wa kweli pale tu mchapuko usipobadilika, na hapa unabadilika kila nukta, kwa kuwa kadiri boti inavyopunguza kasi ndivyo kani ya maji ya kuizuia inavyopungua.

Njia sahihi ni kuandika sheria ya pili ya Newton jinsi ilivyo: m dv/dt = −bv. Tenganisha vibadilika, upande mmoja kasi na upande mwingine muda, kisha tafuta integrali ya pande zote mbili. Utapata v = 6e^(−t/10), maana m/b ni sekunde 10. Tafuta integrali ya kasi hiyo kwa muda wote, na umbali utakuwa 6 × 10, yaani mita 60, mara mbili ya jibu la kwanza. Ukiandika dv/dt kama v dv/dx, utagundua pia kwamba kasi hupungua sawasawa na umbali, hivyo kwamba boti ikiwa imekwenda mita 30, pale ambapo yule wa kwanza alidhani imesimama, bado ina kasi ya mita 3 kwa sekunde. Nahodha aliyezima injini mita 30 kutoka gatini angeligonga.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa makusudi, kwa sababu hatua zake ndizo hatua za karibu kila swali gumu la kozi: taja kani, andika F = ma kama mlinganyo wenye derivativu, tafuta integrali, weka masharti ya mwanzo, kisha ulihoji jibu. Kulihoji kunafanyika kwa njia mbili zisizochukua hata dakika. Kwanza angalia vizio: kilo zikigawanywa kwa kilo kwa sekunde zinatoa sekunde, kwa hiyo m/b kweli ni muda. Pili, peleka namba kwenye mpaka wake: b ikikaribia sifuri, umbali mv/b (v ikiwa kasi ya mwanzo) unakuwa mkubwa bila kikomo, jambo linaloingia akilini, kwani boti isiyozuiwa na kitu haisimami. Ndiyo sababu inafaa kubeba herufi hadi mwisho na kuingiza namba kwenye mstari wa mwisho tu. Ukiingiza namba mapema, unajinyima nafasi ya kuhoji.

Kabla ya mlinganyo wowote pawe na mchoro wa kani. Chora kitu kimoja peke yake, kitenge na vingine vyote, na kila mshale uutajie mwenyewe: nani anasukuma au kuvuta? Dunia, kamba, uso wa meza, hewa. Mshale usio na mwenyewe ufutwe. Kwa kipimo hiki utaiondoa kani ya mwendo, ambayo wanafunzi huiweka juu ya mpira uliokwisha kuuacha mkono. Mpira ulio angani unavutwa chini na dunia, hewa inauzuia kidogo, basi. Utaacha pia kuongeza kani ya kwenda katikati kwenye mwendo wa duara kana kwamba ni mshale wa ziada, wakati ni jina tu la jumla ya mishale iliyokwisha kuchorwa. Na usiandike kwa mazoea kwamba kani ya uso ni mg, yaani uzito wa kitu. Kwenye mteremko wenye pembe θ ambapo hakuna kitu kingine kinachokisukuma kitu kuelekea au kutoka kwenye uso, ni mg cos θ, na kwenye lifti inayoanza kupanda inazidi mg.

Kuhusu nishati na momenta (tungamo mara kasi), swali gumu ni lini utumie ipi. Swali likiwa halitaji muda, likikupa kasi na mahali tu, jaribu nishati kwanza. Vitu vikigongana au kulipuka, anza na momenta, na usidhani nishati ya mwendo imehifadhiwa mpaka uambiwe.

Katika sura ya mzunguko wengi hukata tamaa, kwa sababu torki (athari ya kani katika kuzungusha kitu) na momenti ya inesha, I (kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kubadilishiwa mzunguko), huonekana kama lugha mpya. Tafuta gololi, bangili nyembamba na ubao ulioinamishwa, kisha viachie pamoja vibingirike bila kuteleza. Gololi itashinda kila mara, iwe kubwa au ndogo, nzito au nyepesi. Mchapuko wa kitu kinachobingirika ni g sin θ ukigawanywa kwa 1 + I/mr². Kwa gololi, I/mr² ni 2/5, kwa hiyo inapata 5/7 ya g sin θ, wakati bangili, ambayo tungamo lake lote liko ukingoni, inapata nusu tu. Tungamo na nusu kipenyo vimejifuta vyenyewe. Ukikokotoa matokeo hayo mwenyewe kutoka kwenye mchoro wa kani, ukikumbuka kuuweka msuguano, sura iliyobaki itakuwa nyepesi kwako.

Namna ya kujisomea ina uzito sawa na unachosoma. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake wa Marekani walichapisha mtihani mfupi wa dhana za kani usiohitaji kikokotoo, na mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 katika kozi 62. Madarasa ambayo wanafunzi walijadiliana na kutetea majibu yao yalipata wastani wa maendeleo karibu mara mbili ya yale ya kusikiliza mhadhara tu. Kwa hiyo diskasheni ya jioni ni sehemu ya kozi, mradi iendeshwe vizuri: kila mmoja aje akiwa ameshalihangaikia swali peke yake kwa nusu saa, na anayeeleza ubaoni aulizwe kwa nini kwa kila mshale. Diskasheni ambayo mmoja anaandika na watano wananakili haimsaidii mtu, hata huyo anayeandika.

Mitihani iliyopita itumie hivyo hivyo. Funika majibu, weka saa, fanya swali zima kwenye karatasi tupu. Ukikwama, soma mstari mmoja tu wa jibu, ufunike tena na uendelee. Siku tatu baadaye lirudie swali hilo tangu mwanzo bila msaada, na ukikwama palepale, hapo ndipo pa kumpelekea mhadhiri ofisini kwake, ukiwa na mchoro wako mkononi. Katika chumba cha mtihani, dakika tano za kwanza zitumie kusoma maswali yote na kuchora kani za yale unayoyachagua, bila kugusa kikokotoo.