Jinsi ya kulielewa neno "bloody" na kulitumia kwa uangalifu

Mwingereza akisema "it's bloody cold", hazungumzii damu hata kidogo, ingawa maana ya kawaida ya "bloody" ni "-enye damu", bali anasisitiza kwamba baridi ni kali. Hivyo, ukilikuta neno hili mbele ya kivumishi, lichukulie kama "mno" au "kweli kweli". Anayesema "the bloody car" gari linapokataa kuwaka ameudhika, ilhali "bloody hell" huweza kuwa mshangao, hasira au hata furaha, kulingana na sauti. Uzito wake kama neno lisilo la adabu hutofautiana kati ya nchi na nchi: tangazo la utalii la Australia la mwaka 2006 lilizuiwa kwa muda kwenye televisheni za Uingereza kwa sababu ya neno hilo. Nakusihi usilitamke mbele ya wakwe, walimu au mwajiri, wala usiliandike katika barua ya kazi, hata ukiwasikia wenyeji wakilisema huku wanatabasamu.